Feni Iliyokauka Juu ya Bati

Kabla hujashika tupa wala msasa, lipige panga la feni kwa ukucha, taratibu, karibu na ncha, kisha usikilize. Likitoa sauti nzito iliyofifia, kama umegonga kandambili, plastiki hiyo bado ina maji yake na unaweza kufanya nayo kazi. Likitoa sauti kali, "ti!", kama umegonga glasi, liache. Usilikate, usilipinde, usilifunge kwenye ndege. Sababu ya kuanza na hili nitaisema nikifika.

Ninyi mnaorusha ndege ndogo Mikese siku za Jumapili mmeniomba niandike ninayoyajua, kwa kuwa mkija karakana huwa siongei sana. Ni kweli, siongei. Jina langu mnalijua, Selemani, na elimu yangu ni ya darasa la saba. Nikiandika polepole naeleweka. Msitegemee mpangilio.

Niseme kwanza feni gani, maana karatasi hii inaweza kumfikia asiyeijua. Ndege ndogo za aina ya jeti hazina pangaboi puani. Ndani ya tumbo kuna bomba, na ndani ya bomba kuna feni ya plastiki inayoenea kiganjani, yenye mapanga matano, au kumi, au kumi na mawili, inayozungushwa na mota ya betri. Hewa inaingia mbele, inatoka nyuma kwa nguvu, ndege inakwenda. Feni hizo zinanunuliwa zikiwa tayari, na si zote zinafika zikiwa sawa. Kazi yetu, mimi na marehemu Juma Maganga, ilikuwa kuzirekebisha: kupunguza mapanga, kuyapinda kidogo, kuyasawazisha uzito.

Hatukusomea. Miaka mingi tulikuwa idara ya mota kwenye kiwanda cha nguo hapa Morogoro. Tulisuka mota zilizoungua na tulitunza feni kubwa za kupulizia hewa, nyingine upana wake kama mlango. Maganga alinitangulia kazini. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mluguru wa Kinole, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hata ya kujuana. Siku yangu ya kwanza alinishika bega akanisogeza.

"Mluguru, wewe umezoea migomba, yenyewe haikimbii. Hii inakimbia. Simama mbele yake au nyuma yake. Ukimkuta mtu kasimama ubavuni, huyo anataka kuzikwa kabla ya mwisho wa mwezi."

Nikamwambia sisi hatufundishwi na watu waliofika pwani na mizigo kichwani. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo nilikuwa mwanafunzi wake.

Maganga alisawazisha feni kwa sikio. Aliinama, akafumba macho, akasema, "Ni hili la tatu, limezidi." Tukisimamisha na kupima, ni kweli, la tatu limezidi. Mimi sikio kama hilo sikuwahi kuwa nalo. Nilikuwa na mkono mtulivu wa kukata na kupiga msasa. Kwa hiyo tuligawana: mimi nakata, yeye anasikiliza.

Kiwanda kilipopunguza watu tukafungua karakana nyuma ya Msamvu. Pampu za maji, feni za dari, mota za mashine za kusaga. Ndipo siku moja akaja Bwana Nitin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kapakata kitu ndani ya blanketi kama mtoto mgonjwa. Akafunua. Jeti ya kijivu, urefu wake kama mkono wangu wote.

"Mafundi, hii inalia kama mbuzi."

"Mbuzi wa kwenu au wa kwetu?" Maganga akauliza.

"Kwetu hatuli mbuzi, Maganga. Huyu ni wako."

Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Sasa makosa, maana ndiyo mnayopenda kusikia. Feni ya kwanza niliinoa kingo zote mbili, mbele na nyuma, nikidhani ikiwa kali itakata hewa vizuri. Ikalia zaidi na nguvu ikapungua. Ilinichukua feni tatu za Bwana Nitin kuelewa kwamba ukingo wa mbele unatakiwa uwe wa mviringo, laini, kama ukingo wa bakuli, na wa nyuma ndio uwe mwembamba. Bwana Nitin alizihifadhi hizo tatu kwenye kopo dukani kwake. Mgeni akija anamwonyesha: "Ada ya shule ya Selemani."

Mara nyingine feni ya mapanga kumi ilivuta kijiwe ndani, mapanga mawili yaliyopakana yakakatika ncha. Nikayaondoa yote mawili nikaacha manane. Nilijua ni vibaya, lakini nilidhani nitafidia kwa msasa. Ndege ilitetemeka juu ya shamba la mkonge la Mikese mpaka mfuniko wa betri ukadondoka, kisha betri yenyewe. Tuliitafuta asubuhi nzima kati ya miiba.

"Nimewaletea jeti," Bwana Nitin alisema akijipukuta, "mmenirudishia cherehani."

Ukiondoa panga, ondoa na la upande wa pili linalolielekea. Kama idadi haigawanyiki hivyo, usiondoe. Kutoka kumi kwenda tano inawezekana pia, ukiondoa moja na kuacha moja, maana uzito unabaki sawa pande zote. Utapata mzunguko mwepesi, lakini sauti itakuwa kali zaidi. Mwenye kutaka mngurumo kama wa ndege kubwa aache mapanga mengi na akubali betri iishe mapema.

Nafasi kati ya ncha ya panga na ukuta wa bomba iwe unene wa jalada la daftari, isizidi sana. Chukua bomba bovu la kipimo kilekile, bandika msasa laini ndani, weka feni, izungushe kwa mkono. Ncha zitajipunguza zenyewe kwa usawa. Hili nililigundua mwenyewe na sijaliona kwa mwingine, ingawa huenda wapo.

Kusawazisha: simamisha nyembe mbili kwenye ubao, ziwe sambamba, ubao uwe umelala sawasawa. Pitisha kipande cha spoku ya baiskeli kwenye kitovu cha feni, ilaze juu ya nyembe. Panga zito litashuka lenyewe. Lipige msasa mgongoni, kidogo, kisha rudia. Kama hutaki kupunguza, ongeza upande mwepesi tone la rangi ya kucha. Rangi ya kwanza tuliichukua kwa mke wa Maganga, Mama Zena. Alikuja karakana kuidai mwenyewe.

"Shemeji Selemani, hebu niambie. Ndege ya Mhindi inapaka kucha, mimi sipaki?"

"Ndege inaolewa Jumapili, shemeji," nikamjibu. Ni moja ya mara chache nilizowahi kumchekesha mtu.

Kupinda mapanga ili yasukume hewa zaidi hufanywa kwa maji ya moto. Chovya panga moja, hesabu pumzi kumi, shika kwa koleo iliyofungwa kitambaa, pinda kidogo kuliko unavyotaka, tia kwenye maji baridi. Ukizidisha, mota itaungua na hutajua kwa nini.

Na kuna kuchemsha. Feni nyingi za aina hii ni nailoni, na nailoni hunywa maji kutoka hewani. Kwetu Kinole, ambako ukungu haukauki mpaka saa nne asubuhi, feni inakaa miaka bila ufa. Mjini mwezi wa pili inakauka. Ikikauka haibadiliki rangi wala umbo. Inakuwa ngumu, na kigumu cha namna hiyo kinavunjika kama kopa la muhogo. Dawa yake ni kuichemsha kwenye sufuria nusu saa na kuiacha ndani mpaka maji yapoe yenyewe. Bwana Nitin alielezwa na ndugu yake wa mbali, akatuelekeza.

"Tunapika feni sasa?" Maganga akasema. "Tutie na nazi?"

Tukapika. Tangu hapo haikuvunjika hata moja, isipokuwa hiyo nitakayoisema.

Lazima niseme pia habari ya mkono wa Maganga. Bwana Nitin alikuwa na mapenzi ya ndege, ila mkono wake ulikuwa na haraka. Mimi nilirusha mara moja tu, nikaiingiza kwenye mkonge. Maganga alipopewa rimoti kwa mara ya kwanza, aliishika kama anashika yai, akasogeza kijiti cha mwendo kwa kidole gumba, polepole, ndege ikaondoka chini kana kwamba yenyewe ndiyo imeamua. Kule Mikese kuna kiwanja cha zamani cha shamba la mkonge. Aliipitisha chini sambamba na mistari ya mkonge, akaiinua, akaigeuza milima ya Uluguru ikiwa nyuma yake. Watu waliokuwa wakiuza mahindi ya kuchoma barabarani waliacha majiko wakaja. Kila Jumapili baada ya hapo ilikuwa hivyo. Bwana Nitin akinunua ndege mpya, anayeirusha kwanza ni Maganga. Mtu mzima, mstaafu wa kiwanda, alikuwa akiamka Jumapili kabla ya alfajiri kama mtoto siku ya Idi.

Sasa nimefika.

Ilikuwa mwezi wa pili, jua kali. Bwana Nitin alikuwa na wageni, ndugu zake kutoka Dar es Salaam, na alitaka waone ndege mpya ikiruka. Alhamisi nilipinda mapanga ya feni yake. Nikaisawazisha, ikahitaji matone mawili ya rangi ya kucha. Rangi haikukauka vizuri, nikaiweka feni juu ya bati la karakana ikauke. Sisi wa mlimani kila kitu kinachotaka kukauka tunakianika: muhogo, mpunga, karafuu, nguo. Mkono wangu ulienda wenyewe. Nikaisahau hapo Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi.

Jumapili asubuhi nikaiteremsha. Rangi ilikuwa imekauka vizuri. Nikalipiga panga moja kwa ukucha, kama nilivyozoea. Likalia "ti!"

Nilisikia. Nataka hili lieleweke. Sikukisia baadaye, nilisikia wakati uleule na nilijua maana yake. Kuchemsha na kupoza kungechukua asubuhi yote. Nje Bwana Nitin alikuwa anapiga honi na wageni wake wamo garini. Maganga alikuwa tayari amekaa kiti cha nyuma na rimoti mapajani. Nikaifunga feni kwenye ndege. Nilijiambia ni siku moja tu.

Kiwanjani tuliiweka ndege chini, mimi nikaishika mkia. Maganga alikuwa na rimoti. Kabla ya kuiruhusu aliinama ubavuni, akafumba jicho moja, asikilize. Ni mazoea ya kiwandani. Kule feni nyingi zilikuwa ndani ya kasha la chuma, fundi anainama, anasikiliza, anaondoka salama. Ukuta wa bomba la ndege hii ulikuwa mwembamba kama ganda la yai. Sheria ya kutosimama ubavuni aliitunga yeye, na siku hiyo hakuifuata. Hilo ni kosa lake. Mengine yote ni yangu.

Akasogeza kijiti. Feni ikapanda sauti, ikapanda, ikapasuka. Kipande kimoja kilitoboa bomba na mwili wa ndege kikampata kwenye jicho alilokuwa ameliacha wazi.

Nakumbuka Bwana Nitin akifoka, "Maganga, umefungua mwendo wote kwa mara moja! Kwa nini umefungua wote?"

Na Maganga, mkono usoni, damu kati ya vidole, akasema, "Kidole kimeteleza. Nisamehe, Bwana Nitin. Kidole kimeteleza."

Kidole hakikuteleza. Nilikuwa karibu, nilikiona. Alisogeza kijiti polepole kama siku zote. Lakini alipoambiwa, aliamini.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo hapo. Nilisaidia kumbeba. Hospitali waliliondoa jicho. Nilijiambia nitasema akitoka. Alipotoka nilijiambia nitasema akipata nguvu. Akapata nguvu, akarudi karakana, akaanza kujitania mwenyewe kwamba sasa anawaona Waluguru nusu na bado ni wengi mno. Wiki zikaongezeka. Kila siku iliyopita iliongeza jambo la pili la kukiri, kwamba nimenyamaza, na lile la pili likawa zito kuliko la kwanza.

Kazini aliendelea kusikiliza. Sikio halikupungua. Ila rimoti hakuigusa tena. Bwana Nitin alimbembeleza mwaka mzima, maana hasira yake iliisha siku ileile. "Maganga, rusha hii, mimi sina mkono." Anakataa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa kiwanja akitazama wengine. Watu walidhani ni kwa sababu ya jicho. Hata mimi nilitaka kuamini hivyo.

Mwaka jana aliugua, akafa. Tulimzika hapa mjini.

Msibani, kama mjuavyo, mtani ana kazi yake. Ndugu wa marehemu wakanitazama. Mimi sijui kuchekesha, lakini mtani aliye karibu kuliko wote nilikuwa mimi, na msiba usio na mtani ni kama umepuuzwa. Nikasimama mbele ya watu na kanzu yangu. Nilikuwa nimekusudia. Nilijiona nimepata mahali pa kusemea.

Nikasema, "Mnyamwezi huyu mnasema alipoteza jicho kwa pupa yake. Si kweli. Ni mimi. Niliianika feni juu ya bati kama muhogo. Nikaipiga kwa ukucha nikasikia imekauka. Nikaifunga hivyohivyo. Jicho lake nimelila mimi, Mluguru."

Walicheka. Msiba wote ulicheka. Mtu nyuma akapaza sauti, "Waluguru hawa, kumbe hula na macho!" Mwingine akasema, "Leo kakiri, mtozeni!" Wakanipitishia kofia nilipe faini ya utani. Nikalipa. Niliwaambia tena, "Nasema kweli," wakacheka zaidi, maana mtani akisema anasema kweli ndipo utani unapokolea. Mzee mmoja alinishika mkono baadaye akanisifu, "Sikujua una kipaji hicho, Selemani."

Mama Zena alikuwa ndani na wanawake wenzake. Niliisikia sauti yake ikicheka pamoja nao, ile ya kucheka katikati ya kulia.

Nikasubiri amalize eda. Siku ya pili baada ya eda nikaenda mchana, mlango ukiwa wazi, mtoto wake mkubwa akiwa ukumbini. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikakaa. Akaleta chai.

"Shemeji," nikasema, "nilichosema msibani hakikuwa utani."

Akaiweka birika chini. "Kipi?"

Nikarudia. Bati, siku tatu, ukucha, honi. Safari hii nilisema taratibu na sikuacha kitu. Nilipomaliza alikunja na kukunjua ncha ya mtandio.

"Kwa hiyo kidole chake hakikuteleza."

"Hakikuteleza."

"Unajua, Shemeji, tangu siku ile alikuwa hawashi jiko la gesi? Ananiita mimi niwashe. Mjukuu alipozaliwa alikataa kumbeba mpaka aketi chini sakafuni. Alikuwa anakitazama hiki kidole gumba, anasema hakina adabu, siku moja kitaua mtu. Miaka yote hiyo."

Sikujua. Tulikaa meza moja kila siku na sikujua.

Nikamwomba msamaha. Akatikisa kichwa.

"Nitakusamehe vipi? Jicho halikuwa langu. Na mwenye jicho umemngoja mpaka amekufa."

Nikasema ni kweli.

"Na sisi tulicheka," akasema. "Umewaambia watu wote wale, tukacheka. Bwana Nitin alicheka?"

"Alicheka."

"Basi mwambie tena, lakini si kwa mdomo. Mdomo wako kwa watu hawa ni wa mtani. Andika. Wale vijana wa Mikese wanakuuliza habari za feni, waandikie."

Chai ilikuwa imepoa. Niliinywa, nikaaga.

Bwana Nitin nitampelekea nakala yake dukani. Zilizobaki ni zenu. Mnaponiona nachemsha kila feni mnayoleta, hata mpya, hata kama mna haraka, msinicheke. Ikitoka kwenye maji ifungeni kwenye kitambaa kibichi ndani ya kopo lenye mfuniko. Rangi ya kucha ikaukie kivulini. Mkisikiliza, sikilizeni kwa nyuma. Na ukucha ukiwaambia kitu, kisemeni saa ileile, hata kama gari linapiga honi.

Wazee kati yenu mliowahi kumwona Maganga akikaa kwenye kile kiti cha plastiki, mkaambiwa kwamba ndiye aliyefungua mwendo wote kwa mara moja, jueni kwamba hakufanya hivyo. Feni ilikuwa kavu. Kidole cha Juma Maganga hakikuwa na kosa.